Waya wa Bibi Nyamvua

Mimi nikiingia kwenye jengo la watu siangalii mapazia wala viti vya wageni. Naomba ufunguo wa chumba cha waya. Nimeona ofisi zenye sakafu unayoweza kujitazama uso, ukifungua kabati la waya unakuta nyaya zimeviringana, zingine zinaning'inia, zingine zimefungwa kwa kipande cha kanga, na chini kabisa kikombe cha chai cha mtu aliyestaafu zamani. Na nimeona jengo bovu kule Pangani, bati limetoboka, ambalo kabati lake liliponifungukia nilikaa kitako nikalitazama robo saa nzima. Nyaya mia mbili, zote zimepinda kwa pembe moja, mafundo ya uzi yote yanaangalia upande mmoja. Fundi wake simjui, lakini nilimwombea dua.

Jina langu Sikudhani Mhina, fundi waya wa daraja la kwanza, mzaliwa wa Ngamiani, Tanga. Kwetu sisi, fundi akimaliza kupanga kabati hubandika lebo mlangoni, jina lake na tarehe, na kuanzia hapo kabati ni aibu yake au sifa yake. Makabati yangu yapo mia tatu na kumi na mbili. Anayetaka kunisimanga aende akafungue lolote.

Kwa hiyo nilipofungua kabati la Kituo cha Wakunga cha Lushoto, Jumatatu ile asubuhi, nilicheka kwanza. Nilidhani wananitania.

"Unacheka nini, fundi?" akauliza aliyenifungulia mlango. Huyo alikuwa Mkunga Mkuu, Mama Elisifa Shemdoe, mwanamke mrefu, sweta la kijani juu ya sare nyeupe, miwani inaning'inia kifuani.

"Nacheka nisije nikalia, mama. Hili mmelipanga au limemwagika?"

Hakucheka. "Tulikuwa na fundi wetu, Mzee Shekiondo. Alilipanga yeye, miaka thelathini na minne. Ametangulia mbele ya haki mwaka jana."

Nikaona haya kidogo, nikasema Mungu amrehemu. Lakini macho yangu yalibaki kabatini. Nyaya zilitoka juu zikashuka, zikapanda tena, zikazungukana, zikalaliana tabaka kwa tabaka mpaka ukuta wa nyuma hauonekani. Hakuna lebo hata moja. Na vumbi, Mola wangu, vumbi la kuotesha mchicha.

Hapa nieleze kidogo, maana si kila mtu ameshika waya kumbukizi mkononi. Waya wa enzi za babu zetu, ule wa shaba, ulikuwa bomba tu: sauti inaingia huku, inatokea kule. Kumbukizi una uzi wa kioo ndani, kioo kilichooteshwa maabara, na kioo hicho kina tabia. Sauti za aina moja zikipita humo mara nyingi, kinajipanga kuzipokea, mfano wa njia ya mbuzi malishoni: wakipita sana, majani hayaoti tena hapo. Ukifika mwaka wa tano waya umeshajua kazi ya mwenyewe. Lakini una kasoro moja, nasi mafundi tunaiita umbea. Waya ukilalia mwingine miaka mingi unaanza kuvujisha, alichokizoea huyu kinahamia kwa yule. Ndiyo maana tunazitenganisha kwa upana wa kidole, tunazinyoosha, tunazifunga kwa uzi, kila mmoja abaki na siri zake. Kupanga waya ni kuzuia umbea. Ndivyo nilivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wengine.

"Ukaguzi ni Alhamisi," Mama Shemdoe alisema. "Wakikuta hivi watafunga jengo siku hiyo hiyo. Ndiyo sheria mpya."

"Naijua. Sehemu nyingine ya sheria hiyo niliiandika mimi."

"Basi unajua pia kwamba wakifunga, simu zetu zote zitakwenda Tanga mjini. Kule wanapokea elfu kwa siku, mtu anasubiri saa nzima." Alivaa miwani akanitazama vizuri. "Sisi hapa, fundi, ni miaka sita hatujampoteza mama aliyetupigia. Hata mmoja."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Alhamisi atalikuta kabati lake limenyooka hata yeye atatamani kulipigia picha.

*

Kabla ya kugusa chochote nilikwenda kuona ukumbi wa simu, maana fundi asiyejua waya unamhudumia nani ni mpiga misumari tu. Wakunga kumi na mmoja, kila mmoja na meza yake, dirishani ukungu umelala juu ya miti ya mapeasi. Simu zilikuwa zinaingia kutoka Mlalo, Mtae, Bumbuli, Shume. Nyingi za maswali: miguu inavimba, chakula hakikai, mtoto anapiga teke sana. Hizo zinasubiri foleni, wanapigiwa muziki. Lakini mara kwa mara simu moja inaruka foleni yote, inalia kwa Mama Shemdoe au kwa mkunga fulani wa pembeni, na kila iliporuka ilikuwa kweli: chupa imepasuka mapema, mtoto amekaa vibaya, damu.

Nilisimama pale nikasahau chai yangu. Wale wanawake walikuwa hawapandishi sauti. Mmoja, Edna Mbaga, kijana wa mwaka wa pili kazini, alikuwa anamwelekeza bibi mmoja kumzalisha mjukuu wake jikoni huku yeye mwenyewe anamenya chungwa, na mtoto akalia upande wa pili wa simu nasi sote tukamsikia.

"Swichi yenu ina akili," nikamwambia Mama Shemdoe. "Inajuaje ipi ya kuiruhusu?"

"Sisi tunajua? Tuliikuta hivyo."

Nikaenda kuiangalia swichi. Ilikuwa ya kizamani kabisa, kisanduku cha kugawa simu kwa zamu, hakijui hata leo ni siku gani. Ilipasa nisimame hapo nijiulize. Mwenye macho haambiwi tazama, lakini mimi macho yangu yalishajaa hasira ya vumbi, na mikono inawasha kazi.

Somo la kwanza ninalompa mwanagenzi ni hili: anza kwa kufuta vumbi. Siku hiyo mashine yangu ya kunyonya vumbi iligoma kwa baridi ya Lushoto, haikuwaka nilivyoibembeleza, nikasema basi, vumbi nitalimaliza mwisho. Nikapiga ile picha ya kabla. Kila fundi huipiga, na tusidanganyane, huwa ni ya kumcheka aliyetutangulia. Kisha nikaanza.

Somo la pili: waya usio na jina ni maiti. Ukiupima ukakuta upande mmoja haujaingia popote, unaukata katikati, kiunoni kabisa, ili mtu mwingine asije akauokota akauchomeka. Alasiri ile nilikuta mmoja wa namna hiyo, wa kijivu, ngozi yake imechakaa ikawa laini. Upande wa juu ulikuwa swichini. Upande wa chini ulikuwa umefungwa kwa fundo la uzi, fundo zuri kweli, nikalisifu kimoyomoyo, lakini haukwenda kwa simu yoyote. Nikaukata. Ulikuwa umepita chini na juu ya kila kitu, nikauvuta taratibu mpaka ukatoka wote, nikauviringisha nikautupa kwenye ndoo.

Jioni nilipofunga kazi, theluthi ya kabati ilikuwa imenyooka. Nikarudi nyuma hatua tatu nikaitazama. Ilikuwa nzuri, wallahi.

*

Jumanne saa sita mchana Mama Shemdoe aliingia chumba cha waya bila kubisha. Mkononi alikuwa na kifaa cha kusikilizia simu zilizorekodiwa.

"Sikiliza hii," akasema. "Imeingia saa nne. Imesubiri foleni dakika ishirini na tano, ndipo Edna akaipokea."

Ilikuwa sauti ya msichana, nyororo, ya adabu. Hamjambo, samahani kwa usumbufu. Naitwa Mwajabu. Mimba ya kwanza, miezi minane. Nina maumivu kidogo tu, si sana. Edna akamuuliza maswali yote yanayotakiwa, na kila moja msichana alijibu kwamba ni kidogo tu, hakuna shida. Akaambiwa anywe uji, ajinyooshe, akizidiwa apige tena. Akashukuru mara mbili.

"Mbona yuko salama," nikasema.

"Rudia. Usisikilize maneno. Sikiliza katikati ya maneno."

Nikarudia. Katikati ya "kidogo" na "tu" palikuwa na pumzi, fupi, imekatwa na meno. Ilikuwa pumzi ya mtu anayekandamiza kitu kikubwa.

"Milimani kwetu mwanamke halii akiwa na uchungu," Mama Shemdoe alisema. "Ni aibu. Atakuambia hajambo huku anakufa. Miaka yote simu za namna hii zinakuja mezani kwangu moja kwa moja. Leo zimeingia tatu, zote zimewekwa foleni. Mbili nimeshazifuatilia. Huyu Mwajabu alipiga kwa simu ya kuazima, imezimwa, na kijiji hakukitaja." Akanikazia macho. "Mficha uchi hazai, fundi. Umegusa nini?"

Ningeweza kusema sijui. Nilitazama ndoo.

"Jana nimekata waya," nikasema. "Wa kijivu. Haukuwa na jina, haukwenda kwa mtu."

Mama Shemdoe akakaa juu ya sanduku la vifaa vyangu. "Huo ni wa Bibi Nyamvua," akasema.

Ndipo akanieleza, maneno machache, maana muda haukuwepo. Pale kituoni mkunga mpya hapewi simu mpaka akae mwaka mzima ubavuni mwa mkunga mzee, anasikiliza tu. Ndiyo mila yao tangu kituo kianze. Mzee Shekiondo aliiona mila hiyo, na waya wa kila mkunga mpya akaulaza juu ya waya wa mwalimu wake, ukizungukana nao tangu juu mpaka chini. Bibi Nyamvua alikuwa mwalimu wa kwanza. Yeye ndiye aliyekuwa akisikia wanaonyamaza. Alipostaafu simu yake ikaondolewa, lakini alimwambia Shekiondo waya wake auache pale pale, ukae na wanawe, wakunga aliowalea. Bibi mwenyewe ana miaka tisa kaburini.

"Sisi tulidhani ni mapenzi ya kizee," Mama Shemdoe alisema. "Tukamwachia."

Kumbe si swichi iliyokuwa ikirusha simu za hatari juu ya foleni; nyaya zilizofunzwa na waya wa Bibi ndizo zilizozivuta. Miaka ishirini na sita nauita umbea. Hakuna aliyewahi kuniambia kwamba umbea wa wakunga ni elimu, na nisingemsikia angeniambia. Yule mzee, bila cheti, bila maabara, alichukua kasoro ya waya akaifanya shule, na mimi nikaikata kwa plaizi kwa sababu haikuwa na lebo.

"Waambie wakunga wote wamsubiri Mwajabu," nikasema.

"Nimeshawaambia. Lakini saa hizi foleni ina simu thelathini. Akipigiwa muziki atakata. Watu kama yeye hawapendi kusumbua."

"Basi nishikie tochi, mama."

Nikaunga waya kwanza. Kioo huungwa kwa moto mdogo wa buluu, na pale pa kuungia kumbukumbu hupotea kiasi cha ukucha. Kilichobaki kikipona, kimepona. Kisha nikasimama mbele ya kabati, waya mkononi, nisijue pa kuanzia. Kuurudisha si kazi. Lakini umbea uko pale waya unapogusana na mwenzake, na huo ulikuwa umegusa kadha wa kadha. Ukiulaza mahali pengine, umelaza kamba ya kuanikia nguo.

"Hapo," Mama Shemdoe akasema. Tochi yake ilikuwa imelala ubavu, mwanga unapita juu juu. "Huo mstari ni nini?"

Lilikuwa vumbi. Miaka tisa na zaidi lilikuwa limeanguka juu ya kila kitu, isipokuwa pale ulipolala waya wa kijivu. Juu ya waya mmoja palikuwa na alama safi, nyembamba, imekata mshazari. Juu ya ule mwingine. Kisha chini, kisha nyuma. Njia yake nzima ilikuwa imeandikwa. Mashine yangu ingewaka Jumatatu, nisingekuwa na pa kusoma.

Tukaufuata. Yeye anamulika, anataja, "juu ya mweupe, chini ya wawili weusi, juu ya wangu," mimi nalaza. Kule nilikokwisha kunyoosha hapakuwa na vumbi, nilikuwa nimelipangusa kwa mikono yangu. Nikatoa picha ya kabla, ile ya kucheka, nikaiweka mbele yangu. Nikachukua mkasi nikakata nyuzi zangu mwenyewe, mafundo sabini na mbili yanayoangalia upande mmoja, nyaya zikaanguka zikalaliana tena. Roho iliniuma, sitasema uongo. Nikazirudisha moja moja kama picha ilivyosema, na kadiri nilivyozirudisha ndivyo nilivyozidi kumwona Shekiondo. Mama Shemdoe alinitajia wenye nyaya, nami nikaona hapakuwa na mzunguko wa bure. Waya wa mkunga aliyefundishwa na wawili ulizunguka wa kwanza mara tatu kisha ukahamia kwa wa pili. Mkunga aliyegombana na mwalimu wake akahamishwa, waya wake uliachana na wa mwalimu njiani. Nimepanga makabati mia tatu na kumi na mbili na sijapanga hata moja kwa akili ile.

Saa tisa kasoro nikafunga fundo la mwisho, lile lile alilolifunga yeye. Tukatoka ukumbini tukasimama. Simu zinalia, wakunga wanajibu, foleni ina thelathini na nne. Simu ya mezani kwa Mama Shemdoe imenyamaza.

Dakika kumi. Edna hakula, macho yake hayakutoka kwenye ile simu. Dakika ishirini. Nikaanza kujiambia kwamba kioo kimekufa pale nilipokiunga.

Ikalia.

Mama Shemdoe akapokea akiwa amesimama. "Hamjambo," sauti ile nyororo ikasema, "samahani kwa usumbufu tena."

Hakumuuliza kama anaumwa. Alimwuliza, "Mwanangu, mara ya mwisho mtoto kucheza ilikuwa lini?"

Msichana akaanza kulia, kilio cha chini kwa chini, na katikati ya kilio akataja kijiji, Rangwi, nyumba ya karibu na kisima. Ndege ya dharura isiyo na rubani, ikiwa na daktari na damu, ilishapaa kabla hajamaliza. Alikuwa anavuja damu kwa ndani tangu alfajiri.

Saa kumi na nusu wakatuarifu kutoka Rangwi: mama yupo, mtoto yupo, wa kike, amelia mwenyewe. Edna akaweka kichwa mezani. Mimi nilikwenda chumba cha waya nikafunga mlango nikalia kama mtoto.

*

Jumatano asubuhi Mama Shemdoe alikuwa ameshafikiria kila kitu.

"Una nyaya mpya kwenye gari lako," akasema. "Tengeneza uso. Ubao mbele, nyaya zimenyooka, lebo, mafundo. La Shekiondo libaki nyuma limefunikwa. Mkaguzi ni mwanafunzi wako, atatazama mbele atasifu, atakwenda."

Si kwamba sikuwa nimelifikiria. Usiku kucha nililifikiria. Mkaguzi, Abedi Ngoda, nilimfundisha miaka minne, ananiamini kuliko kipimo chake. Ningemaliza saa nane mchana, kituo kingepita, jina langu lingebaki safi.

"Siwezi, mama," nikasema.

"Huwezi au hutaki?"

"Nikifunika, miaka mitano ijayo atakuja fundi mwingine. Atafungua ubao, atakuta waya usio na jina, na atakata. Mimi nilikata, na mimi ndiye bora waliyenaye. Hatakuwa na vumbi la kumwokoa."

"Na ukimwonyesha Ngoda akafunga jengo kesho? Mwajabu wa Ijumaa atampigia nani?" Sauti yake ilikuwa imeshuka sana. "Unaweka roho za watu rehani kwa ajili ya ukweli wako, fundi."

Alikuwa na haki. Nilimwomba kitu kimoja tu: orodha ya wakunga wote tangu kituo kianze, na nani alikaa ubavuni mwa nani. Akaniletea, akaiweka chini, akaondoka bila kuaga. Siku hiyo chai sikuletewa.

Niliandika lebo mchana kutwa, mia moja na themanini na saba, moja kwa kila mahali waya ulipolalia mwingine, kwa mwandiko wangu. Sikusogeza waya hata mmoja.

*

Ngoda alifika Alhamisi saa tatu, suti imepigwa pasi, tabasamu la mtu anayekwenda kuona kazi ya mwalimu wake. Nikafungua kabati. Tabasamu likabaki pale pale, limesahauliwa.

"Shikamoo, mwalimu," akasema mwishowe.

"Marahaba, Abedi."

"Hujaanza kazi?"

"Nimemaliza."

Mama Shemdoe alikuwa amesimama mlangoni, mikono ndani ya sweta. Ngoda akasogea. "Mwalimu, juzi nimemfungia mtu jengo Handeni kwa nusu ya haya. Alilia mbele yangu. Nilimwambia maneno yako."

"Najua. Soma lebo."

Akasoma, kwanza haraka haraka, kwa ajili ya adabu tu. "Edna Mbaga, amelala juu ya Elisifa Shemdoe. Elisifa Shemdoe, amelala juu ya Nyamvua." Akaenda kwa mwingine, na mwingine. Akaanza kufuata kwa kidole. Nilimfundisha vizuri yule kijana. Alipofika kwenye waya uliozunguka wawili alisimama, akarudi nyuma, akaufuata upya. Nikamweleza yote: Shekiondo, mila ya wakunga, plaizi yangu, Mwajabu. Sikujipunguzia. Nikamsikilizisha zile simu mbili, ya saa nne na ya saa tisa.

Ngoda akatoa kipimo chake. Akapima waya wa kijivu, upande wa chini. Kipimo hakikulia.

"Kwa sheria huu ni maiti," akasema.

"Kwa sheria yangu."

"Sina mamlaka ya kupitisha hivi, mwalimu. Kuna kifungu cha kumi na nne tu. Fundi wa daraja la kwanza aandike jina lake mlangoni, kabati lipite kwa dhamana yake. Likileta madhara yoyote, leseni yake inakwenda." Akakohoa. "Hakijawahi kutumika. Nani aweke jina lake kwenye fujo ya mtu mwingine?"

Nilikuwa nimeshatoa kalamu. Nikaandika, S. Mhina, tarehe, nikabandika, nikasugua kwa kidole gumba mpaka ikashika. Nyuma yangu nilimsikia Mama Shemdoe akishusha pumzi, kisha akamwita mtu alete chai.

Ngoda akatia saini fomu yake juu ya sanduku langu la vifaa. Halafu, kwa mazoea, maana nilimzoesha mimi, akatoa kitambaa mfukoni, akapeleka mkono kwenye tabaka la juu la nyaya, mahali vumbi lilipolala nene.

Nikamdaka kiganja.

"Vumbi hilo usiguse."

Alinitazama kama mtu aliyesikia mama yake akitukana. Nikamwachia mkono, nikachukua lebo nyingine, nikaibandika chini ya jina langu, kwa herufi kubwa ili hata mwenye haraka aione: VUMBI LISIFUTWE.